Msituambie Tutembee. Tunatembea Tayari!

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za wateja zilinibana. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi jioni simu ilitetemeka mfukoni, nikadhani ni mteja. Kumbe ni programu ya afya inanipongeza: nimefikisha hatua 10,000! Ikanipa na nyota. Hatua hizo nilizipata kwa kuzungukazunguka tu, kwa hiari yangu, nimevaa raba, mikono mitupu. Dakika hiyohiyo alinipita mama mmoja ndoo kichwani, mtoto mgongoni, ameshuka kwenye lami na kuingia kwenye majani kwa sababu lori lilikuwa linakuja. Hatua zake za siku hiyo bila shaka zilinishinda mara mbili. Nani alimpa nyota?

Halafu mnajua hiyo 10,000 ilitoka wapi? Haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa kidogo cha kufunga kiunoni, jina lake manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara, basi. Miaka 60 imepita na sisi waandishi wa programu bado tunaiweka ndani ya simu kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Sina ugomvi na afya. Kutembea ni kuzuri, kila daktari atakwambia. Ugomvi wangu ni na kampeni. Kila mwaka utawaona waheshimiwa wamevaa fulana mpya na kofia, polisi wamefunga barabara kwa saa mbili, muziki unalia, na bango kubwa mbele linasema tutembee. Saa tano barabara inafunguliwa, waheshimiwa wanapanda magari yao, na wale waliokuwa wakitembea tangu alfajiri wanarudi kwenye mtaro wao.

Jamani, nchi hii inatembea tayari. Nairobi kwenyewe, pamoja na magari yote mnayoyaona kwenye foleni, tafiti za usafiri zimekuwa zikionyesha kwamba karibu safari 4 kati ya 10 hufanywa kwa miguu. Tatizo si kwamba watu hawatembei. Tatizo ni kwamba wanaotembea hawahesabiwi, na asiyehesabiwa hajengewi kitu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo. Nitaieleza kwa kisa cha kwetu huku Taita.

BASI LA MRARU

Vijana wengi wa Voi niliowauliza hawakijui kisa hiki, ilhali kimesomwa mbali sana. Mwaka 1980 kilichapishwa kijitabu katika mfululizo uitwao SEEDS, mwandishi Jill Kneerim, kinachoeleza jinsi wanawake wa kijiji cha Mraru walivyonunua basi lao wenyewe. Wanafunzi wa maendeleo huko ng'ambo walikuwa wakikisoma darasani wakati sisi hatuna habari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji wa soko kwa watu wa Mraru ni Voi. Ukitaka kuuza mazao, kununua mahitaji au kumpeleka mtoto hospitali, lazima ufike Voi. Basi lilikuwepo. Lakini lilipofika Mraru mara nyingi lilikuwa limeshajaa, na walioachwa barabarani walikuwa wanawake. Ukiachwa una mambo mawili: kurudi nyumbani, au kushika njia kwa miguu na mzigo wako.

Wanawake wale hawakukaa kulalamika. Waliunda kikundi, wakachanga kidogo kidogo kwa miaka, wakatafuta na mkopo, na mwaka 1975 basi lao likafika. Likawa linawabeba wao na kulipiwa nauli na wengine. Mwaka 1975, jamani! Wakati ambapo mwanamke wa kijijini kuomba mkopo ilikuwa kama kuomba mwezi.

Sasa tukitazame kisa hiki kwa macho ya mtu wa tarakilishi. Jiwekeni kwenye nafasi ya mwenye lile basi la kwanza. Anafungua daftari lake jioni: basi limejaa kwenda, limejaa kurudi, nauli imetimia. Kwake mambo ni safi kabisa. Daftari lina safu ya waliopanda. Halina safu ya walioachwa. Kwa hiyo hata angekaa na daftari lile miaka kumi, lisingeweza kumwambia kwamba pale Mraru kuna tatizo. Tatizo lilikuwa nje ya jedwali.

Wanawake wa Mraru walilijua kwa sababu walikuwa wao ndio safu iliyokosekana. Walijihesabu wenyewe, wakajumlisha, wakaona wanatosha kununua basi.

SAFU ILE BADO HAIPO

Mtaniambia hayo ni ya zamani, siku hizi kuna lami, kuna matatu, kuna bodaboda, na tangu 2017 Voi ina stesheni ya SGR. Kweli. Lakini jedwali halijabadilika, limekuwa kubwa tu.

Kabla ya barabara kujengwa au kupanuliwa, wahandisi huhesabu magari. Mangapi kwa siku, ya aina gani, mazito kiasi gani. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana upana wa barabara na unene wa lami. Ni hesabu ya haki kwa lori, kwa sababu lori ndilo linaloivunja barabara. Mtu mwenye ndala haivunji. Kwa hiyo katika hesabu ya lami mtu mwenye ndala ni sifuri. Na katika hesabu hiyohiyo basi lenye abiria 60 ni gari moja, na gari la mheshimiwa aliyekaa peke yake kiti cha nyuma ni gari moja vilevile, tofauti ni uzito tu.

Kila anayeandika programu anajua kosa hili. Umepima kitu kilicho rahisi kupima, badala ya kile ulichotaka kujua. Ulitaka kujua watu wangapi wanataka kupita. Ukahesabu magari. Programu haitoi ujumbe wa makosa wala haianguki, inafanya kazi vizuri tu, na majibu yake ni ya uongo.

Lakini kuna daftari moja ambalo mwenye miguu anaandikwa kila mara. Ni daftari la vifo. Tazameni takwimu za NTSA mwaka baada ya mwaka: waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote la wanaouawa barabarani Kenya, zaidi ya theluthi moja. Yaani serikali yako haikuhesabu ukiwa hai unavuka. Inakuhesabu ukishafunikwa shuka.

Mwendo ndio unaoua, na hesabu yake ni nyepesi, mtoto wa sekondari anaiweza. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja ya kushtuka, kisha afunge breki kwenye lami kavu: atasimama baada ya kama mita 28. Akiwa na 30, anasimama ndani ya mita 13 au 14. Akiwa na 80, anahitaji mita 57 hivi. Sasa mweke mtoto wa shule mita 20 mbele ya gari. Dereva wa 30 amesimama, anamfokea mtoto, maisha yanaendelea. Dereva wa 50 amemgonga. Dereva wa 80 amemgonga kabla mguu haujafika kwenye breki. Sheria yetu ya trafiki inasema 50 mijini. Februari 2020 mawaziri waliokutana Stockholm walikubaliana kwamba pale ambapo magari na watu wa miguu wanachanganyika, mwisho uwe 30. Nendeni barabara kuu inapopita Voi mkatazame lori za Mombasa zinapita na ngapi.

Na tusidanganyane kuhusu lami. Nafurahi kwamba barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta iliwekwa lami miaka ya 2010, vumbi tulilila la kutosha. Lakini lami ikija mwendo unapanda siku ileile. Matuta yanakuja baadaye, mara nyingi baada ya mazishi na watu kuchoma matairi. Kwa nini matuta, vivuko na njia ya miguu visije pamoja na lami? Kwa sababu havikuwemo kwenye hesabu ya mwanzo. Tunarudi palepale.

VISINGIZIO

Nimeyabishania haya na watu wengi, kuanzia wahandisi hadi makanga. Majibu yao nayajua kwa moyo. Tuyachukue moja moja.

1. "Watu wanataka magari, hawataki kutembea." Hata wanawake wa Mraru hawakutaka kutembea hadi Voi! Ndiyo maana walinunua basi. Sisemi watu watembee safari ndefu juani ili tupate picha nzuri za mazingira. Lakini fikiria: basi la Mraru lilipofika Voi, abiria waliendaje sokoni? Kwa miguu. Hospitali? Kwa miguu. Hakuna safari ya matatu isiyoanza na kuishia kwa miguu. Ukimjengea mwenye miguu umemjengea pia abiria wa matatu, wa treni na wa basi. Hata mwenye gari, akishaegesha, ni mtu wa miguu.

2. "Bodaboda zimemaliza shida hiyo." Zimesaidia, siwezi kukataa, usiku wa dharura boda ni mkombozi. Lakini safari ya mita 600 unayolipia boda kwa sababu tu hakuna mahali salama pa kupita kwa miguu hiyo ni kodi. Unalipa kodi ya njia ambayo haikujengwa. Tena anayelipa zaidi ni yule mwenye kidogo.

3. "Wenye miguu ni wakaidi, hawatumii madaraja." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Thika Road ilipokamilika 2012 watu waliendelea kuvuka chini, na lawama zote zikawaangukia wao. Haya, tupige hesabu. Daraja likiwa mita 400 kutoka unapotaka kuvuka, utatembea 400 kulifikia na 400 kurudi ng'ambo ya pili: mita 800, kama dakika kumi, bila kuhesabu ngazi. Kuvuka chini ni sekunde 15. Mwambie dereva kwamba ili avuke barabara lazima asukume gari lake dakika kumi, uone kama hatakuwa mkaidi. Kwetu sisi mtumiaji akibonyeza mahali pasipo sahihi kila siku, hatumwiti mkaidi, tunakubali kwamba ukurasa umeundwa vibaya. Wahandisi wa barabara nao wakubali.

4. "Hakuna pesa." Kilomita moja ya njia ya miguu, hata ya matofali ya kabro, ni kitu kidogo sana mbele ya kilomita moja ya barabara yenyewe. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliandika katika sera yake kwamba asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Imo kwenye karatasi. Tembeeni Nairobi mjionee umbali kati ya karatasi na ardhi. Lakini angalau karatasi ipo, mtu anaweza kuishika na kuuliza. Je, sisi huku tunayo ya kushika?

5. "Hiyo barabara si yetu." Hapa napo kuna mchezo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho ni za kaunti. Voi imekatwa na barabara kuu. Kwa hiyo mama anayetoka mtaani kwenda ng'ambo anaanzia kwa kaunti, anavukia kwa KeNHA, anamalizia kwa kaunti. Akigongwa katikati, kila ofisi inaonyesha kidole nyingine. Mama hajui mipaka hiyo, wala hapaswi kuijua. Safari yake ni moja.

TULIJUA KUJENGA

Watu wakizungumzia miji ya kutembea hupenda kututajia Copenhagen, ambayo ilifunga mtaa wake wa Strøget kwa magari mwaka 1962. Vizuri. Lakini kwa nini twende mbali hivyo? Pandeni basi mwende Lamu. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa wote kwa kipimo cha mtu na punda. Vichochoro ni vyembamba, na wembamba huo ndio kivuli: kuta za pande mbili zinazuia jua. Nje ya milango kuna baraza za mawe, aliyechoka anaketi, anasalimiwa, anaendelea. Waliojenga hawakuwa na tarakilishi. Walijua tu nani atapita hapo.

Voi si Lamu na haiwezi kuwa. Ni mji uliozaliwa na reli, na juu yake ikaja barabara kuu. Lakini jua la Voi mnalijua. Saa saba mchana ukiwa na mzigo, mti mmoja wa kivuli ni miundombinu kama taa ya barabarani. Mwarobaini haugharimu zabuni ya mamilioni. Panda kila mita 15 kando ya njia, weka benchi mahali mahali, ziba mitaro wazi, weka taa, inua kivuko kiwe sawa na njia ya miguu ili gari ndilo lipande na kushuka, si mama mwenye mtoto. Hakuna teknolojia ngeni hapo.

Na kama mnadhani natia chumvi, fanyeni jaribio dogo. Shukeni steji Voi mwende hospitali kwa miguu, mmebeba mtoto mmoja na mfuko mmoja. Hesabuni mara ngapi mmeshuka kwenye lami kwa sababu njia imekatwa na gari lililoegeshwa, kibanda, mtaro au rundo la mchanga wa mtu. Kisha fikirieni mzee mwenye mkongojo.

KAZI YETU SISI WA TARAKILISHI

Hapa nawageukia ndugu zangu wa msimbo. Tunapenda sana kutengeneza programu za kuita teksi. Sawa, zinalipa. Lakini tuna mifano yetu mizuri zaidi ya hiyo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichukua vifaa vya GPS wakauchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, wakati ramani nyingine zilikuwa zinaonyesha nafasi tupu. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 Nairobi ikapata ramani ya matatu zake kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wakisema matatu ni fujo tu. Zilipoandikwa, ikaonekana ni mtandao kamili.

Miguu nayo ni mtandao. Haijaandikwa tu. Basi tuiandike. Pendekezo langu, na mimi nitaanza na Jumatatu:

1. Chagua sehemu moja unayoijua. Simama saa moja tu, saa kumi na mbili na nusu hadi moja na nusu asubuhi. Kalamu na daftari vinatosha.

2. Andika safu hizi: waliopita kwa miguu, waliovuka, watoto wa shule, wenye mizigo, wazee na walemavu. Andika na magari yaliyopita, pamoja na watu waliomo kwa kukadiria. Usiandike jina la mtu, usipige picha za watoto.

3. Rudia siku ya soko. Tofauti utaiona.

4. Vijia mnavyovijua viingizeni OpenStreetMap. Ni bure, mtu yeyote anaweza kuhariri. Kwa kila barabara kuna sehemu ya kusema kama ina njia ya miguu kulia, kushoto, pande zote, au haina. Pale ambapo haina, andikeni kwamba haina! Hiyo ndiyo safu iliyokosekana kwenye daftari la lile basi.

5. Peleka hesabu kwa mwakilishi wa wadi wako na kwenye vikao vya maoni ya wananchi vya bajeti. Kisha andika barua kuomba hesabu zao walizotumia kupanga barabara hiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki hiyo, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Wakijibu kwamba watu wa miguu hawakuhesabiwa, mmepata jibu kubwa kuliko mlivyotarajia.

Najua kuna watakaosema hesabu ya daftari haina uzito mbele ya ripoti ya mshauri aliyelipwa. Huenda. Lakini namba moja ya kweli hushinda safu tupu, na siku mkandarasi atakapokuja kupanua barabara, nani atasimama kikaoni kusema asubuhi watu kadhaa huvuka hapa? Kwa sasa hakuna. Kuna hisia tu, na hisia haziingii kwenye bajeti.

Kwa hiyo waheshimiwa, fulana zenu tumeziona, asanteni. Msituambie tutembee. Mtu wa Mraru hahitaji kuhimizwa kutembea, amefanya hivyo tangu anajua kusimama. Njooni mhesabu, kisha mjenge. Na msipokuja tutahesabu wenyewe, kama mama zetu walivyofanya kabla ya 1975, maana wao hawakungoja mtu awaongezee safu kwenye daftari lake.

Nawaachia hapo. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kando ya barabara na daftari langu. Nikirudi nitawawekea namba hapa, zikiwa nzuri au mbaya. Na hiyo programu ya nyota nimeshaifuta kwenye simu.